Bibi wa Kutia Huruma

Kwenye basi la kwenda katikati ya mji wa Toledo, msichana mmoja kwenye kiti cha mbele yangu alikuwa akimsomea bibi aliyekaa naye, wala hawajuani, insha ya kuombea ufadhili wa chuo. Mwisho wa kuituma ulikuwa saa sita mchana huo. "'Kila Jumamosi nawagawia supu kanisani wazee wasio na mbele wala nyuma…'"

"Kanisa lipi hilo?"

"La matofali mekundu, karibu na zimamoto."

"Ala! Ndiyo maana sura hii naijua. Mwanangu, mimi nina nyumba yangu. Pale nafuata mchezo wa bingo, supu yenu naivumilia tu!"

Nilijikohoza kuficha kicheko.

"Nisamehe, Bibi. Wafadhili wanataka shida niliyoishinda, na mimi sina."

"Na hiyo sare uliyovaa?"

"Ya hoteli. Alfajiri nasafisha vyumba na mama, ndipo naenda shule."

"Hilo umeliandika?"

"Hiyo nayo shida? Mtaani kwetu nani hafanyi?"

"Nitoe mimi humo, uweke hiyo sare!"

"Lakini Bibi, wewe ndiye unayetia huruma."

Basi likasimama, msichana akashuka mbio. Bibi akanigeukia, akaiweka sawa kofia yake ya zambarau yenye manyoya. "Haya, nitazame vizuri. Mimi natia huruma?"