Piko Vidoleni, Maji kwa Kipimo

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Nyinyi wa karibu na mlango mbona kimya? Asifiwe tena!

Mnanijua, mimi ni mwalimu Ruth wa hapa Mokowe. Miaka minne nilibeba uvimbe kwenye kizazi. Kila mwezi damu, kila mwezi kizunguzungu, na upasuaji niliukimbia, maana moyo wangu ni dhaifu. Daktari alinieleza wazi: wakati wa kupasuliwa, maji ya dripu yakipungua presha itashuka, yakizidi yatajaa mapafuni. Nikaona kifo kinanisubiri pande zote mbili.

Mwaka huu nikachoka kuogopa, nikakubali. Niliambiwa nisiende na rangi ya kucha, sikupaka. Lakini siku mbili kabla, jirani yangu Bi Mwanaisha alimwoza binti yake, na ningekataaje? Wakanipaka piko, ile hina nyeusi ya harusi, vidole vyote kumi mpaka kwenye kucha. Piko si rangi ya kucha, nikajiambia. Mwalimu mzima!

Ndugu zangu, nimelala chumba cha upasuaji, wakanibana kidole kwa kile kibanio cha mashine. Hicho ndicho cha kuwaonyesha, bila kunichoma popote, mwili unahitaji maji kiasi gani. Mashine haikusoma, piko imeziba mwanga wake. Wakajaribu kidole kingine, na kingine. Daktari akasema tuahirishe. Nililia, kwa kuwa nilijijua: nikirudi nyumbani, sitakuja tena. Nikamwambia Mungu nimejiharibia mwenyewe, anisaidie.

Mtaalamu wa nusukaputi, mama mwenyeji wa kisiwa cha Amu, akaushika mkono wangu akautazama.

"Iko ndia nyengine, Bi," akasema. "Sikio halipakwi piko."

Akanibana ndewe ya sikio, na wimbi likaonekana kwenye skrini.

Kesho yake alinieleza. Mashine ya kupumulia iliponijaza hewa, wimbi lile lilipanda na kushuka. Nilipotoka damu nyingi likayumba sana, akajua mwili una kiu, akaongeza maji kidogo kidogo. Lilipotulia, akapunguza dripu. Mimi nimelala sijui lolote, na mtu ananipimia uhai wangu!

Sasa napanda ngazi za shule bila kushika ukuta. Nina furaha, nasema wazi.

Dada yangu unayeficha uvimbe chini ya leso, mtumaini Mungu, uende hospitali. Nitakusindikiza mpaka mlango wa chumba cha upasuaji. Mimi sitaruhusiwa kuingia, lakini Bwana ameshaweka watu wake ndani, hata wale ambao hawajawahi kukanyaga kanisa hili.