Mwalimu Mutanu, Aliyemkuta Baba Yake Daftarini

Mwalimu Agnes Mutanu Musyoka alizaliwa tarehe 9 Aprili 1958 huko Nuu, Mwingi, kifungua mimba wa Bwana Musyoka Nzau na Bi Kalekye. Alikuwa na miaka minane baba yake alipokwenda Garissa kutengeneza barabara. Hakurudi. Kijiji kilimhesabu miongoni mwa wafu, lakini Bi Kalekye alikataa kuvaa ujane.

Marehemu alisomea Nuu, kisha akahitimu ualimu mwaka 1979. Wenzake waliomba kupelekwa Nairobi; yeye akaomba Garissa. Huko aliolewa na Hesbon Kilonzo, karani wa ofisi ya maji, mwaka 1984.

Mwaka 1992, akiwa mwalimu huko Balambala, Garissa, aliombwa kusaidia kuandikisha wapiga kura. Alipewa madaftari ya zamani alinganishe majina. Alasiri ile ya joto, majina yalimpita taratibu, kama watu wanaovuka mto katika ndoto. Ndipo akasoma: Yahye Musyoka Nzau, mfanyakazi wa barabara, 1974. Kidole chake kikagoma kusogea.

Jina lililofuata lilikuwa la Kerrow, mzee wa Balambala aliyekuwa bado hai. Akamwendea.

“Yahye? Jirani yangu huyo,” mzee alisema. “Alisilimu, akaoa hapa. Tulizika yeye mwaka sabini na saba.” Akamkazia macho. “Wallahi, wewe ni mutoto yake. Na iko dada yako, Sadia.”

“Mama yangu anamngoja hadi leo!” Mutanu alijibu, akalia kwa hasira. Ilimchukua miezi mitatu kukubali kumwona Sadia. Walipoonana, walitazamana tu, pua ile ile, hadi chai ikapoa.

Kisha Mutanu alimpeleka Sadia Nuu. Bi Kalekye alimtazama mgeni, kisha akasema, “Mpe kiti. Ametoka mbali.” Jioni hiyo akajifunga kitambaa cheusi.

Tangu hapo, watu kutoka Ijara hadi Mandera walimjia Mwalimu na majina ya ndugu waliopotea. Aliwasaidia kupekua madaftari bila kuchoka, hata alipostaafu mwaka 2013.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2021. Alituacha alfajiri ya tarehe 3 Machi 2024, Garissa. Binti yake Maggie alikuwa akimwimbia tenzi, Sadia akimsomea dua. Hakuna aliyemwomba mwenzake anyamaze.

Ameacha mume, Hesbon, watoto, Maggie na Morris, wajukuu watano, na mdogo wake, Sadia Yahye, atakayetia udongo wa kwanza kaburini.

Pumzika, Mwalimu. Mola akupokee kwa jina lako.