Carol Nabei Ekal (1983–2025), Aliyewasikiliza Watu wa Mfereji

Wasifu unasomwa na mdogo wake, Erupe Ekal

Marehemu Carol Nabei alizaliwa tarehe 14 Machi 1983 huko Kerio, mtoto wa tatu wa Mama Akiru na marehemu Mzee Ekal.

Alisoma shule ya msingi Kerio, akamaliza kidato cha nne Lodwar mwaka 2001, kisha akajiunga na chuo kikuu kusomea sosholojia. Mzee alimuuliza, "Hiyo inatibu nini?" Akajibu, "Shida za watu, baba." Mzee akatangaza kwamba binti yake anasomea udaktari. Likizo ya kwanza akaletewa watoto wenye homa. Hakumcheka mtu. Aliwapeleka zahanati, akakaa nao foleni, akiwauliza mama zao kwa nini walikuwa hawaendi. Majibu aliyaandika.

Mwaka 2008 aliajiriwa na shirika moja la misaada katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma. Mwaka 2011 alifunga ndoa na Mwalimu Esekon, wakajaliwa binti, Atiir.

Mwaka 2019 shirika lilitaka kujenga mfereji wa maji uliozungushiwa ua wa kufungwa. Carol alikaa miezi mitano na akina mama, wenyeji na wakimbizi, akakuta wameshapangiana zamu za maji wenyewe. Aliandika kwamba ua ukijengwa, zamu zitavunjika na watu watapigana. Mkuu wa mradi akamwambia mbele ya wenzake, "Hizi ni stori, Carol. Wafadhili wanataka namba."

"Namba zitakuja, mkubwa. Utazihesabu."

Desemba alipewa barua: mtaalamu wa jamii hahitajiki tena. Ua ukajengwa, na Februari 2020 watu walipigana kwenye mfereji ule. Walizikwa wanne, wenyeji wawili na wakimbizi wawili.

Ndipo shirika likamwita tena, bila mkataba. Mama Nyibol, mkimbizi aliyempoteza mwanawe siku ile, alimwambia, "Mama Atiir, zamu tulikuwa nazo. Nani alituuliza?" Carol alikaa na akina mama wale wiki saba, mpaka ua ukang'olewa na zamu zikarudi. Siku ya sherehe, mainjinia walipewa vyeti. Yeye alisimama nyuma.

Machi 2024 alipatikana na saratani ya mlango wa kizazi. Alitibiwa Lodwar, kisha Eldoret. Akiwa kitandani aliletewa kijitabu cha shirika kuhusu amani ya Kakuma. Jina lake halimo. Alikisoma chote, akasema, "Angalau wameandika mfereji uko wazi." Sisi ndugu zake hatujafikia moyo huo.

Alifariki Lodwar tarehe 9 Juni 2025, saa tisa mchana. Shirika limeomba dakika kumi za kuhutubia leo. Familia imekataa.

Ameacha mume, Mwalimu Esekon; binti, Atiir; mama yetu, Akiru; nasi ndugu zake. Ameacha pia Mama Nyibol, aliyeomba kibali cha kutoka kambini ili aje. Tulipomwonyesha viti vya wageni alikataa, akaja kukaa hapa na wafiwa. Hapa ndipo pake.

Carol, pumzika. Mungu akulaze kwa amani.