Kavu, Msimamizi wa Zege la Nguzo

Marehemu alizaliwa tarehe 4 Machi 1951, mtoto wa kwanza wa mpasua kokoto na mshona magunia. Mama yao alikuwa akishinda kazini, kwa hiyo mdogo wake wa mwisho alipozaliwa, marehemu ndiye aliyembeba mgongoni na kumfundisha kusoma.

Alisoma shule ya msingi jirani na machimbo, kisha akahitimu chuo cha ufundi mwaka 1972. Wenzake walisema hacheki mpaka aruhusiwe.

Alianza kazi katika maabara ya vifaa vya ujenzi, akivunja vipande vya zege kwenye mashine ili kupima nguvu zake. Baadaye akawa msimamizi wa zege la nguvu kubwa, lile linalobeba maghorofa marefu kwa nguzo nyembamba. Zege hilo hutaka saruji nyingi, unga laini wa silika, yaani madini ya mchanga, kokoto safi, dawa ya kulilainisha na maji kidogo mno. Vibarua walimbandika jina la Kavu, kwa kuwa hakuvumilia hata kikombe cha maji kizidi. Alilipenda jina hilo, hata nyumbani aliliitikia.

Mwaka 1979 alimwoa mpishi wa kantini ya mradi. Alikuwa akimrudishia wali kila mara akidai umezidi maji, mpaka mpishi akamwambia apike mwenyewe. Akapika, akauunguza, wakaoana.

Kisa kinachofuata mama, mjane wake, ameagiza kisomwe, maana kila aliyepo anakijua. Mwaka 1986 mdogo wake yule wa mwisho alikuwa akiendesha mashine ya kuchanganyia zege chini ya usimamizi wake. Jua lilikuwa kali, zege likawa zito, vibarua wakalalamika, naye akawaonea huruma akaongeza maji. Nguzo ilipopimwa ikaonekana dhaifu. Marehemu akaamuru ivunjwe, na mvunjaji awe mdogo wake. Mdogo wake akaomba angalau asubiri wenzake waondoke.

"Uliongeza maji mbele yao," marehemu akamjibu. "Vunja mbele yao."

Mdogo wake alishinda akigonga nyundo huku watu wakimtazama. Alasiri bonge likamwangukia mkono wa kulia. Marehemu alimfikisha hospitali, akarudi kusimamia kazi. Mkono ulikatwa. Mama alimsihi mumewe miaka na miaka aende kuomba radhi, naye akajibu kwamba jengo limesimama na watu wanalala humo salama. Ni kweli, limesimama mpaka leo.

Vumbi la silika lilikuwa limemla mapafu tangu enzi ambazo barakoa ilionekana ya waoga. Mwaka 2019 alianza kukohoa damu. Alipoona hali imekuwa mbaya, alituma mdogo wake aitwe. Alikuja.

"Nimekuja kumjulia hali shemeji," alisema mlangoni.

Akaketi sebuleni na mama, wakanywa chai, wakaulizana habari za watoto. Marehemu aliisikia sauti yake kupitia ukutani. Akamwita. Pumzi zikamkatika, akamwita tena. Mdogo wake alimaliza chai yake, akaaga, akaondoka.

Marehemu alifariki asubuhi ya tarehe 17 Juni 2021, akiwa ameugeukia mlango.

Ameacha mjane, mabinti wawili, wajukuu watano na mdogo wake mmoja, ambaye yupo nasi leo, safu ya nyuma. Mama amemwomba atie udongo wa kwanza. Amesema atasimama tu.

Mungu ampokee marehemu, ampe amani aliyochelewa kuiomba.