Helmeti Iliyomwokoa Mara Moja

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu. Uliye na sufuria jikoni, punguza moto. Na wewe uliye juu ya pikipiki, umenichomeka sikioni huku unaendesha, tafadhali simama pembeni kwanza. Nitakusubiri. Leo sina utani mwingi, na ninayemzungumzia angekukemea hivyo hivyo.

Tunamkumbuka mtu aliyeitwa Kobe. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja. Kwa miaka tisa kazi yake ilikuwa kubeba sampuli kwa pikipiki: damu, makohozi, na vile vichupa vingine ambavyo ukimkabidhi mtu unaangalia pembeni. Alizikusanya kwenye zahanati ndogo ndogo, akazifunga ndani ya boksi la barafu, akazipeleka maabara kuu. Labda damu yako iliwahi kupanda pikipiki yake na hukujua.

Lakini zamani hakuitwa Kobe. Aliitwa Risasi. Wenzake walisema damu aliyoileta Risasi ilifika ikiwa bado ina hasira za mwenyewe. Naye anacheka, anaongeza mafuta.

Mke wake hakulipenda jina hilo hata kidogo. Mke wake ni fundi cherehani, anashona mapazia, na kwa kuwa wana mabinti pacha, kila mtu anamwita Mama Mapacha. Alikuwa akimwambia, "Baba Mapacha, risasi huwa hairudi ilikotoka." Mume anamjibu, "Ah, mke wangu, nawe kwa maneno!" Anawasha pikipiki, huyo, kaondoka.

Sasa sikilizeni vizuri hapa. Miaka mitatu iliyopita, mchana, mvua inanyesha, Risasi alitaka kulipita lori la saruji. Alipita upande ambao dereva hamwoni. Lori likakata kona kuingia kituo cha mafuta. Risasi akagonga, akarushwa, akatua kwa kichwa kwenye ukingo wa mtaro. Mtulinga, ule mfupa wa begani, ulivunjika. Mbavu tatu zilivunjika. Kichwa hakikupata hata mkwaruzo, kwa sababu alikuwa amevaa helmeti na alikuwa amefunga mkanda wa kidevuni.

Hospitalini muuguzi alimkabidhi Mama Mapacha ile helmeti ndani ya mfuko wa nailoni. Akamwambia, "Mama, hii imemaliza kazi yake." Kisha akaitwa wodi nyingine, akaenda mbio.

Mama Mapacha alisikia sifa. Wewe ungesikia nini? Mume wako yu hai, anaulizia chakula, na mtu anakuambia kitu fulani kimemaliza kazi yake. Aliikumbatia ile helmeti pale pale kwenye korido, watu wanamtazama, akailowesha machozi.

Akaipeleka nyumbani. Akaiosha. Kitambaa cha ndani kilikuwa kimechanika, akakitoa. Chini yake kuna lile povu gumu jeupe, kama linalokuja kwenye boksi la televisheni mpya. Kwenye povu aliona mstari mwembamba, umetoka juu ya sikio hadi kisogoni. Huyu ni mtu wa mishono, wasikilizaji. Maisha yake yote ni mishono. Aliona ufa, akadhani ni mshono, akadhani ndivyo ilivyounganishwa kiwandani. Akakata kitambaa laini cha buluu kilichobaki kwenye mapazia ya mteja, akakishona humo kwa mkono, jioni tatu nzima, mpaka kikakaa kama kimezaliwa nayo.

Mume aliporudi kazini, alikuwa mtu mwingine. Nyuma ya gari alihesabu hadi tatu kabla hajakaribia zaidi. Kwenye kona alipunguza mwendo kabla, hakusubiri kona imshangaze. Kila asubuhi alibonyeza matairi, akajaribu breki zote mbili, akafuta taa kwa leso. Mke wake alimshonea kizibao chenye mistari inayong'aa, akaonekana toka mbali kama ishara ya barabarani. Wenzake wakampokonya jina la Risasi, wakampa la Kobe. Wakamtania, "Kobe, damu itaganda njiani!" Yeye anajibu, "Itafika. Na mimi nitafika."

Waendesha pikipiki wapya wa maabara walikabidhiwa kwake awafundishe. Aliwaambia, "Barabara haina shemeji. Haimpendelei mtu." Wakamcheka, lakini wakamfuata. Msimamizi wao ananiambia kwamba tangu Kobe aanze kuwafundisha, hakuna aliyeanguka kazini. Hakuna hata mmoja.

Na kila asubuhi, mlangoni, Mama Mapacha alimvalisha mumewe ile helmeti ya kitambaa cha buluu. Alimfunga mkanda mwenyewe. Alimpigapiga juu ya kichwa mara mbili, akamwambia, "Nenda, rudi." Mabinti pacha wanazomea, "Mama anamvalisha baba kama mtoto wa chekechea!" Ndiyo nyumba yao ilivyokuwa.

Jumanne, wiki tatu zilizopita, alimvalisha. Alimfunga. Akamwambia, "Nenda, rudi."

Saa moja na dakika ishirini asubuhi, karibu na maabara, mtu mmoja aliyeegesha gari alifungua mlango bila kutazama nyuma. Kobe alikuwa mwendo wa taratibu. Walioona wanasema alishika breki zote mbili, kama alivyowafundisha wengine. Pikipiki ilikaribia kusimama. Ikalala upande, naye akaanguka nayo, kichwa kikagonga ukingo wa zege wa njia ya miguu. Pigo lenyewe halikuwa kubwa. Shahidi mmoja alisema alingoja tu ainuke ajipanguse vumbi.

Hakuinuka. Kabla ya saa sita mchana alikuwa amefariki.

Nyumba ikajaa. Na mnajua tunavyosema tukikosa la kusema. Kila aliyeingia alimshika Mama Mapacha mkono, akamwambia, "Pole, ajali haina kinga." Jirani: ajali haina kinga. Mteja wa mapazia: ajali haina kinga. Hata mimi, kama ningekuwepo, ningesema vivyo hivyo. Mama Mapacha anaitikia tu, "Ndiyo. Haina."

Siku ya nne akaja msimamizi wa maabara, mama wa makamo, amebeba vitu vya Kobe kutoka kwenye kabati lake la kazini. Kikombe. Koti la mvua. Na helmeti mpya kabisa.

Mama Mapacha akauliza, "Hii ya nani?"

Msimamizi akamwomba waingie chumbani. Wakakaa kitandani. Akamwambia, "Shemeji, mumeo alikuwa akivaa hii kazini kila siku. Miezi kumi na moja. Tulileta mkufunzi, akatufundisha kwamba helmeti ikishapokea pigo moja kubwa imekufa. Povu la ndani likishapasuka halikingi tena, hata kama nje inameta. Tukampa kila mtu mpya."

"Mbona nyumbani hakuja nayo?"

Msimamizi aliiweka ile helmeti mapajani. Kisha akasema, "Alikuwa akitoka kwako amevaa ile uliyomshonea. Akifika kwetu anaivua, anavaa hii. Jioni anabadilisha tena ndipo anarudi. Nilimwambia mara nyingi, mwambie mkeo. Akanijibu, 'Ameishona kwa mikono yake. Nikiiacha ataona nimemkataa. Nitamwambia kesho.' Kila siku kesho, shemeji. Toka nyumbani mpaka kazini ni dakika kumi na mbili. Alisema dakika kumi na mbili si kitu."

Dakika kumi na mbili, wasikilizaji wapendwa. Kwenda na kurudi. Kazini alivaa helmeti nzima. Njiani alivaa helmeti iliyokufa, kwa sababu alimpenda mkewe na hakutaka kumuumiza.

Mama Mapacha alisimama, akaitafuta ile ya zamani, iliyorudi kutoka hospitali. Akachukua mkasi wake wa kazi. Akafumua mshono wake mwenyewe, uzi baada ya uzi. Kitambaa cha buluu kikaanguka. Ule mstari aliouona miaka mitatu iliyopita sasa ulikuwa umefunguka, kidole kinapita. Hapo ndipo maneno ya muuguzi yalipomrudia, na hapo ndipo alipoyaelewa. Muuguzi hakuwa akisifu. Alikuwa akimwambia, itupe.

Alilia kwa sauti ambayo msimamizi anasema hataki kuisikia tena maishani mwake. Kisha akatoka sebuleni, mkasi bado mkononi. Mzee mmoja akaanza, "Mwanangu, jikaze, ajali haina..."

"Msiniambie tena!" Mama Mapacha akasema. "Ilikuwa na kinga. Ilikuwa kabatini kazini kwake. Mimi ndiye niliyemvalisha nyingine."

Niliuliza daktari. Hakuweza kuapa kwamba ile mpya ingemwokoa. Nani awezaye kuapa? Lakini alisema ile ya zamani, kwa pigo kama lile, ilikuwa sawa na kuvaa bakuli.

Sasa, ndugu wa marehemu hawakutaka niyasimulie haya. Nawaheshimu. Kaka yake mkubwa alimwambia Mama Mapacha, "Shemeji, haya ni ya ndani. Ukiyaanika, watu watasema umemuua ndugu yetu." Na kweli, wapo walioanza kusema. Mama Mapacha aliogopa. Alinipigia simu akaniambia niache, nisome tu jina na umri. Nikamwambia sawa, mama, itakuwa unavyotaka.

Asubuhi ya leo mlango wa studio ukagongwa. Mama Mapacha, na nyuma yake mama mkwe wake, mama mzazi wa Kobe, anahema kwa ngazi zetu. Nikawapa viti. Mama mkwe hakukaa. Akasema, "Mwanangu alinyamaza kwa mapenzi, nimemzika. Huyu mkwe wangu akinyamaza kwa aibu, tutamzika nani tena? Yaseme, mtangazaji. Na atakayemlaumu huyu, aanze na mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyemlea mume asiyeweza kumwambia mkewe jambo gumu."

Basi nimeyasema, mama. Yote.

Kwako Mama Mapacha, kwa mabinti wawili waliokuwa wakizomea pale mlangoni, kwa mama mzazi, kwa kaka na ndugu wote, na kwa nyinyi wa maabara mnaobeba boksi la barafu bila yeye: poleni. Poleni sana. Nasi huku tumelia.

Na wewe uliyesimama pembeni ya barabara ukinisikiliza, vua hiyo helmeti. Inua kitambaa, bonyeza povu kwa kidole, tafuta ufa. Kama iliwahi kuanguka na kichwa chako, usiishone, usimpe mdogo wako. Kata mkanda wake ili asiiokote mtu mwingine, kisha itupe. Hata kama ni zawadi. Hata kama mwendo ni wa dakika kumi na mbili.

Nilipowasindikiza mpaka chini, nilimuuliza Mama Mapacha kama kuna neno anataka niliongeze. Alifikiri, ameshika mkono wa mama mkwe wake.

"Waambie," akasema, "angeniambia tu. Ningelia siku moja."