Masta Yaw Nsiah Gyebi, Fundi Aliyejenga Ukuta

Marehemu Masta Yaw Nsiah Gyebi alizaliwa Effiduase siku ya Alhamisi, tarehe 13 Machi 1947, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano wa Agya Kwabena Donkor, mkulima wa kakao, na Maame Abena Sarpomaa. Mimi ninayesoma ni Adwoa Birago, binti wa dada yake, Ama Dufie. Wazee wa ukoo walinipa wasifu ulioandikwa tayari, mzuri, wa nusu ukurasa. Nimeuongeza. Atakayekasirika asinitafute mbali, nitakuwepo hapa hadi kesho.

Marehemu alisoma shule ya Wamethodisti pale pale Effiduase na kumaliza mwaka 1963. Kitabu hakikumkaa sana. Akiwa na miaka minane alifungua cherehani ya shangazi yake, akaisambaza mkekani, kisha akaifunga tena, zikabaki skrubu mbili mkononi. Cherehani ilishona vizuri kuliko zamani. Shangazi alizitunza zile skrubu kwenye kopo la poda na kuwaonyesha wageni, na hakuwahi kuamua kama ni sifa au ni lawama.

Januari 1964 baba yake alimpeleka Suame Magazine, ule mtaa wa karakana za magari, kwa Masta Kwasi Adarkwa, na chupa mbili za kinywaji kikali kama desturi ilivyotaka. Alijifunza kukereza vyuma kwa miaka minne. Mwaka 1968 akamwagiwa poda nyeupe kichwani kama anayehitimu, akaitwa Masta, na mwaka 1970 akapata mahali pake mwenyewe: nguzo nne, mabati juu, mashine moja ya kukerezea. Ukuta haukuwepo, kwa kuwa hakuna aliyekuwa nao. Ukisimama kwako ulimwona wa kusaga mitaimbo ya injini, ukigeuka ulimwona wa springi, na mgongoni kwako alikuwa yule wa kuchomelea. Lori lililokufa liliingia upande mmoja likisukumwa, likatoka upande wa pili likipiga honi, limepita mikono kumi na miwili na hakuna hata mmoja aliyeijua kazi yote.

Kulikuwa na jambo wenyewe waliita kuazima jicho. Chuma kikikushinda, ulipaza sauti, "Nani ana jicho?" na jirani akaja akijifuta mafuta, akakaa juu ya injini, akatazama, akasema neno moja au mawili, akarudi kwake. Hakulipwa. Kesho ulikwenda wewe kwake. Marehemu alikuwa na jicho lililoazimwa kuliko yote ya safu ile ya karakana, na hilo silisemi kwa kuwa ni mjomba wangu. Lilihesabiwa.

Aliyelihesabu ni Daktari Efua Mensima wa chuo kikuu. Mwaka 1986 alikuja Magazine na karatasi kubwa, akauliza kila fundi nani humwendea nani, akachora mistari. Yeye kazi yake ilikuwa kujua kwa nini watu wa ufundi mmoja hurundikana mahali pamoja, na kwa nini wakirundikana wanakuwa na akili ambayo mmoja mmoja hawana. Mama yangu alikuwepo alipomfikia marehemu.

"Masta, kwa siku wanakuja wangapi hapa kwako?"

"Wa kunisalimia au wa kuniibia?"

"Wote."

"Basi andika mara moja tu, ni hao hao."

Alipomaliza alimwonyesha karatasi. Mistari arobaini na mmoja ilikutana kwenye zile nguzo nne. Akamwambia, "Ukiing'oa hii mashine yako ukaipeleka kilomita kumi, Masta, haitakuwa mashine tena. Itakuwa chuma kinachozunguka." Marehemu alicheka. Alipenda kusifiwa, lakini nadhani siku hiyo alisikia sifa peke yake.

Tarehe 17 Aprili 1976 alikuwa amemwoa Bi Mary Takyiwaa, aliyeuza wali na kunde kwenye lango la Magazine. Walipata watoto wawili, Kwadwo na Afia. Watu wa safu ile wanasema walijua ndoa inakuja miezi mitatu kabla, kwa sababu Masta alianza kula kifungua kinywa mara mbili.

Sasa nafika pale ambapo wazee walipaacha. Mwaka 1988 marehemu alibuni mashine ya kukuna mihogo iliyofanya kazi ya akina mama sita. Baada ya wiki tatu rafiki yake mkubwa na jirani wa nguzo kwa nguzo, Masta Atta Poku, alikuwa na yake, na ilikuwa nyepesi zaidi.

"Atta, hiyo mashine ni yangu."

"Yako ni hiyo hapo kwako, nani kakataa? Hii ni yangu."

"Umenichungulia."

"Nsiah, mimi na wewe hatuna ukuta. Unataka nifanye kazi nimefumba macho?"

Watu walicheka, naye akacheka nao, lakini ilimwingia. Alisahau kuwa meno ya ile mashine yake aliyaiga kwa mtu wa safu ya nne. Mwaka 1991 alipogundua namna ya kuyafanya meno ya gia yawe magumu yasilike upesi, hakumwambia mtu. Juni 1992 aling'oa mashine yake ya kukerezea, akaileta hapa tulipo, njia ya Offinso, kilomita kumi na nane kutoka Magazine, akajenga ukuta huu mnaouona na kupanga vipande vya chupa juu yake.

Bi Mary alikataa kuhama. Alimwambia mbele ya watu, "Mimi napikia watu, Yaw. Siwezi kupikia ukuta." Alibaki mjini na wateja wake. Marehemu alikwenda kwake kila Jumapili, baadaye mara moja kwa mwezi, na mwaka 2003 alipofariki Bi Mary, marehemu alikuwa hajafika kwa wiki saba.

Miaka miwili ya kwanza kazi ilikuwa nzuri. Gia zake zilitafutwa hadi Techiman na Sunyani. Halafu ikaanza kulegea kidogo kidogo. Mkanda wa mashine ulipokatika, kule Magazine angetembea hatua kumi. Hapa alipoteza siku nzima barabarani. Chuma kilipomshinda hakukuwa na wa kumwita. Vinu vipya vikaja vyenye gia za meno ya mshazari, na mafundi wote wa Magazine walikuwa wameshazizoea, wamezigombania na kuzicheka, kabla yeye hajaiona hata moja. Wafanyakazi wake wanne waliaga mmoja baada ya mwingine kwa heshima kabisa. Wa mwisho alimwambia, "Masta, hapa nakula vizuri, lakini sijifunzi kitu."

Akabaki na siri yake. Leo naweza kuitaja kwa sauti: gia ilifukiwa ndani ya chungu chenye mkaa wa kokwa za mchikichi na magamba ya konokono yaliyosagwa, chungu kikazibwa kwa udongo, kikakaa motoni mchana kutwa na usiku wake, kisha gia ikatumbukizwa kwenye mafuta. Naitaja kwa sababu hakuna asiyeijua.

Alikuja kuligundua hilo mwezi Machi 2005. Alikuwa na miaka hamsini na minane, mjane, na alikuwa ameamua kuirudisha siri kwa wenzake. Alinipigia simu nimsindikize. Alivaa shati jeupe, akabeba chupa ya kinywaji kama mtu anayekwenda kuposa. Masta Atta Poku aliwaita mafundi wa safu, wakakaa juu ya mainjini. Marehemu alisimama akaeleza kila kitu, mkaa, magamba, udongo, saa, bila kuficha. Alikuwa anawapa kitu kilichomgharimu mke wake na miaka kumi na mitatu, na nilijivunia kuwa pale.

Hakuna aliyecheka. Walimshukuru mmoja mmoja, wakampa mkono, wengine mikono miwili. Walikuwa wapole kupita kiasi, na ndipo alipoanza kushuku. Masta Atta alimshika bega, akampeleka nyuma ya karakana, nami nikafuata. Vyungu vilikuwa vimepangwa safu tatu, vimezibwa kwa udongo.

"Tangu lini?" akauliza marehemu.

"Tisini na nne."

"Nani alisema?"

"Wauza konokono wa Kejetia. Nsiah, ndugu yangu, ulimtuma mtu sokoni akanunue magamba akaache nyama. Katika nchi hii ya Waasante, mtu anaacha nyama ya konokono? Soko zima lilijua kabla ya saa sita."

Nilitaka kucheka, na nikaona uso wa mjomba, nikaacha. Masta Atta akaendelea polepole. Magamba wao walikuwa wameshayaacha. Mwuza viungo mmoja aliwaambia wajaribu magadi, yale yale ya kulainishia maharage, na chungu sasa kilitoka kwa nusu ya muda.

"Na hamkuniambia," alisema marehemu.

"Tulikuja. Mara tatu. Mara ya tatu mimi mwenyewe, na magadi nimeyafunga kwenye leso. Tuligonga lango lako hadi mikono ikauma. Ulisema kutoka ndani kwamba hupo."

Marehemu alisema, "Nilidhani mmekuja kuiba."

Masta Atta akamwambia arudi. Mahali pake palikuwa na mtu, lakini watasogea. "Tutasogea tu, Nsiah, sisi tumezoea kubanana." Marehemu alisema atafikiria. Alifikiria miaka kumi na minne. Naomba radhi kwa kulisema hili msibani, lakini nilimkasirikia kwa hilo na bado nimemkasirikia. Hakuna aliyemfukuza. Aliona aibu tu, akaifungia ndani pamoja na mashine.

Mwaka 2017 alipata kiharusi, mkono wa kulia ukalegea. Nilimletea fufu kila Jumamosi. Kila Jumamosi aliniuliza swali moja, "Adwoa, Magazine wanafanya nini siku hizi?" Mimi ni mwalimu wa watoto wadogo, chuma sikijui. Nilikuwa napita Magazine ndani ya gari na kioo kimefungwa kwa sababu ya vumbi. Kwa hiyo nilitunga. Nilimwambia wanatengeneza hiki na kile, naye akafumba macho akinisikiliza, na wakati mwingine akanisahihisha: "Hiyo haiwezekani, labda waliikata kwanza." Nadhani alijua natunga. Hakuniambia niache.

Alifariki hapa, chumba kile cha kona, Jumanne tarehe 20 Agosti 2019, akiwa na miaka sabini na miwili. Mama aliyekuwa akimfulia ndiye aliyemkuta, Jumatano asubuhi. Alilazimika kumwita fundi avunje kufuli la lango. Leo mmekaa ndani ya ukuta huu watu zaidi ya mia tatu, na kabla ya leo sikuwahi kuhesabu humu zaidi ya wanne.

Marehemu ameacha dada mmoja, Ama Dufie, watoto wawili, Kwadwo aliyeko Hamburg na Afia aliyeko Tema, wajukuu watano, wapwa kumi na mmoja, nami nikiwemo, na rafiki mmoja, Masta Atta Poku, ambaye nimemweka kwenye orodha hii bila kumwomba ruhusa.

Kutoka hapa tunampeleka Effiduase kwa mazishi, na gari litapita katikati ya Magazine. Mnajua desturi. Jeneza la Masta likipita, kila safu huzima mashine mpaka gari lipotee, na hakuna heshima kubwa kuliko hiyo. Mwezi Julai marehemu aliniandikisha neno kwa sababu mkono wake ulikataa. Nalisoma kama alivyolitamka: "Siku nikipitishwa Magazine, mwambie Atta wasizime. Dereva aende polepole. Kimya kimenitosha."

Nilipompelekea Masta Atta neno hili juzi alikasirika. Alisema, "Masta apite watu wanasaga vyuma, kama mbuzi kapita? Wewe mtoto, hilo haliwezekani," akaingia ndani. Hajanijibu tena. Namwona pale amekaa mstari wa mbele, na kwa vile nina karatasi mkononi na hawezi kunikatiza, namwomba mbele yenu wote. Mjomba Atta, usizime. Washa zote, hata ile mbovu. Mwambie na wa springi apige nyundo.

Masta Yaw Nsiah Gyebi, Mungu akupumzishe kwa amani, na akupe majirani.