Namba ya Samaki ya Mama Delphine

Benchi letu liko mtaani Kikula, mbele ya ukuta ulioandikwa kwa chaki nyeupe namba ya simu ya Mama Delphine. Miaka tisa wateja wanapiga namba hiyo wakitaka samaki wake wakavu kutoka ziwa la Tshangalele. Asubuhi hiyo alituwekea thermos ya kahawa, akatuonyesha tangazo la kampuni ya simu: kila namba sasa itaandikishwa kuwa jina kwenye intaneti, yaani anwani ya mwenyewe, na asiyejiandikisha hadi Jumamosi, namba yake itapewa mwingine. Alitaka kujua aende kwa nani kujiandikisha. Masikini, aliuliza watu wasiojua kunyamaza.

Wa kwanza alikuwa Ministre, mstaafu wa kiwanda cha Shituru, anayependa kutoa amri hata kwa mbuzi.

— Ministre: Ile ni kazi ya Leta, ya serikali. Namba ni ya inchi, donc Leta njo inapashwa kuiandika.

— Réseau, yaani "mtandao", fundi wa simu: Leta gani? Ile yenye ilishindwa kuweka namba ku nyumba yako? Kampuni njo inapashwa kushika.

— Prophète, nabii wetu, muuza magunia ya wachimbaji: Kampuni ikishika jina yako, imeshika roho. Kanisa njo iandike. Tubatize muntu na namba yake siku moja.

— Ministre: Na akikufa?

— Prophète: Anapanda nayo!

— Réseau: Kule juu réseau iko?

Walicheka, wakajaziana vikombe. Saa nzima hakuna aliyemtazama mama usoni. Nilikasirika.

— Delphine: Na minye mwenyewe? Ba client bangu banajua ile namba tu. Jumamosi naenda kwa nani?

Hapo akafika Emmanuella, binti wa kampuni, anayeandikisha namba mtaa kwa mtaa.

— Emmanuella: Mama, namba iko mu jina ya nani?

— Delphine: Ya minye, mwanangu.

Emmanuella akabonyeza tablet yake.

— Hapana, mama. Huku iko Isidore Kalenga.

Réseau akainamisha kichwa. Ndiye aliyetuuzia kadi za simu zamani, chini ya mwavuli wake. Wengi hatukuwa na kadi ya mpiga kura, ambayo ndiyo kitambulisho chetu, basi akatuandikisha sote kwa kadi moja ya kura, ya rafiki yake Isidore. Tukamshukuru kwa kutuepusha na foleni! Ministre akatoa simu yake taratibu, ikaangaliwa: Isidore. Ya Prophète: Isidore. Benchi zima, pamoja na Leta, kampuni na kanisa, lilikuwa mali ya Isidore.

— Emmanuella: Haina neno. Akuje atie sinyatire, sahihi yake, mbele ya Jumamosi. Isidore iko wapi?

Alikwenda Kolwezi kuchimba madini, miaka sita sasa. Namba yake haipatikani.

Mama Delphine akamnyang'anya Réseau kikombe kilichokuwa nusu, akalowesha kitambaa kwa kahawa ile, akaanza kufuta ile namba ya Isidore ukutani.